Usimnyime mtoto chapati, badilisha unga

Kama umewahi kukaa Ukambani wakati wa Krismasi, unajua kwamba sikukuu huko haianzi kanisani. Huanza jioni ya tarehe 24, unga wa ngano unapokandwa kwenye karai na harufu ya mafuta kutapakaa boma zima. Chapati ndiyo Krismasi yenyewe. Mtoto anayeambiwa usiku huo kwamba asiguse chapati huona ameambiwa kwamba yeye si wa pale.

Ninaanza na Krismasi kwa sababu ndipo mimi, mwenye shahada ya udaktari ukutani, niliposahihishwa na bibi mzee ambaye hajawahi kufungua kitabu cha tiba.

Mgonjwa wangu alikuwa mvulana wa miaka sita. Wazazi wake wanaishi Nairobi, mtaa wa Ngara, na kwao ni hapa Kyuso, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, ambako nina kliniki ndogo. Aliletwa kwangu mara ya kwanza mwezi Agosti, shule zilipofungwa. Tumbo lilikuwa limefura kama ngoma, mikono na miguu imekonda, anaharisha kinyesi kingi chenye uvundo, na ana hasira zisizo na sababu. Nikasema ni amiba, jambo ambalo madaktari wengi wa nchi hii hulisema kabla mgonjwa hajakaa vizuri kitini. Nikampa dawa. Alikaa wiki tatu kwa susu yake, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, na alipoletwa tena alikuwa mtoto mwingine: anacheka, anakimbia, anakwenda malishoni na mbuzi. Nilijipongeza.

Mwezi Desemba akarudi kutoka Nairobi akiwa kama nilivyomwona mwanzo, au vibaya zaidi. Nikampa dawa ile ile. Safari hii hakupata nafuu hata kidogo. Siku tatu baada ya Krismasi susu akamleta amembeba mgongoni, akamlaza kitandani, kisha akaniuliza swali ambalo sitalisahau: "Daktari, dawa yako inafanya kazi mwezi wa nane peke yake?"

Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa nalo. "Mwezi wa nane sikuwa na unga wa ngano nyumbani," akasema. "Alikula muthokoi, ndengu na uji wa mwele. Sasa ni chapati tangu mama yake afike."

Msomaji, jambo hilo hilo liliwahi kuonekana mbali sana na Kyuso. Nchini Uholanzi, katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani walikuwa wameyazuia maeneo ya magharibi ya nchi hiyo yasipate chakula, na watu walikula hata vitunguu vya maua. Daktari wa watoto aliyeitwa Willem Karel Dicke alikuwa na wagonjwa wadogo waliokuwa wakiharisha na kukonda kwa miaka mingi. Wakati kila mtu anadhoofika kwa njaa, baadhi ya watoto hao walipata nafuu. Mkate ulipoanza kupatikana tena wakaugua upya. Dicke alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930, na mwaka 1950 alitoa tasnifu yake iliyoonyesha kwamba kosa lilikuwa katika nafaka hiyo. Leo tunaujua ugonjwa huo kwa jina la siliaki.

Huu si mzio, au aleji kama wengi wetu tunavyosema. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai kuna protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano kuvutika kama mpira unapoukanda. Kwa mtu mwenye siliaki, gluteni huuchochea mwili ujishambulie wenyewe, na vinyweleo vidogo vinavyotanda ndani ya utumbo ili kufyonza chakula huchakaa na kulala bapa. Mtoto anakula, lakini chakula kinapita. Anakosa madini ya chuma, anakosa kalisi, na hakui kimo.

Wenzangu wengi bado wanaamini kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Mwaka 1999 watafiti waliwapima watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi, hapa hapa barani kwetu, wakakuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wanao. Kaskazini mwa India, ambako ngano ndicho chakula cha kila siku, unajulikana sana. Kwetu haujatafutwa vya kutosha, na ugonjwa usiotafutwa huitwa amiba, taifodi, minyoo, au kurogwa.

Mama wa mtoto huyu hakuwa amekaa bure. Jirani alimwambia ni maziwa, akayaondoa. Mwingine akasema ni mayai, yakaondoka. Maharagwe nayo yakatuhumiwa kwa kuleta gesi. Duka moja la dawa za asili mjini lilimtoza pesa nyingi kwa kipimo cha damu kilichompa karatasi yenye vyakula zaidi ya ishirini "visivyomfaa" mtoto, vikiwemo ndizi na kuku. Ilipofika Desemba, mtoto alibakiwa na wali, chai ya rangi na chapati. Alikuwa na kilo 15. Mtoto wa kiume wa umri huo hutarajiwa kuwa na kilo 20 hivi.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana hili ndilo linalonifanya niandike. Katika miji yetu leo kuna makundi mawili ya wazazi, na yote mawili yanawaumiza watoto. La kwanza husema hakuna kitu kama hicho, mtoto amedekezwa, mpe ale. La pili limesoma au kusikia mahali fulani kwamba ngano ni sumu na maziwa ni sumu, nalo huondoa vyakula mezani kimoja baada ya kingine bila kumwuliza yeyote. Nimewaona watoto waliodhoofishwa na hofu ya mzazi kuliko walivyodhoofishwa na ugonjwa.

Vile vipimo vya damu vinavyouzwa kwa orodha ndefu ya vyakula, vinavyohesabu chembe za kinga zinazoitwa IgG, havithibitishi chochote. Chembe hizo huonyesha tu kwamba mtoto amewahi kukila chakula hicho. Vyama vya madaktari wa mzio huko Ulaya na Marekani vimeshauri visitumike. Pesa hizo zinunulie mayai.

Kipimo cha siliaki ni kingine kabisa. Hutafuta chembe maalumu za kinga katika damu, na zikionekana nyingi, aghalabu daktari bingwa hupitisha mrija wenye kamera tumboni na kuchukua kipande kidogo cha utumbo ili kitazamwe kwa darubini. Sampuli ya damu ya mvulana wetu ilibidi ipelekwe Nairobi. Sharti moja wengi hawalijui: mtoto lazima awe bado anakula ngano wakati wa kupimwa. Ukishaiondoa kwa miezi kadhaa, damu husafika na kipimo hudanganya. Hivyo ile chapati iliyokuwa ikimwumiza ndiyo iliyotuwezesha kuujua ugonjwa wake. Usiondoe ngano kabla ya kupima.

Mzio halisi nao una sura yake. Haungoji wiki. Mtoto hula karanga, yai, samaki, simsim, maziwa au hata ngano, na baada ya dakika chache, au saa mbili hivi, ngozi huvimba madoa yanayowasha, midomo hufura, hutapika. Akianza kukoroma kifuani, sauti ikakauka au akalegea, usitafute maziwa ya kumnywesha wala usingoje matatu ijae. Mkimbize hospitalini, anahitaji sindano ya adrenalini ya paja. Vidonge vya kuzuia kuwashwa havitoshi hapo.

Tatu kuna lile la maziwa ambalo si mzio wala siliaki. Wengi wetu Waafrika, na Wahindi wengi pia, tukishapita utoto miili yetu hupunguza kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Tunapata gesi na kuharisha, lakini hatudhuriki. Mtu wa namna hii mara nyingi huweza mala na mtindi, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo, na samli haimsumbui kabisa. Mwenye mzio wa maziwa haruhusiwi hata hivyo, kwa sababu adui yake ni protini, na samli huweza kubeba mabaki yake. Unaona basi kwamba neno "maziwa yanamkataa" halitoshi. Kwa mvulana wetu mama alikuwa amekosea nusu tu: utumbo uliochakaa kwa siliaki hushindwa na laktosi kwa muda, kisha ukipona huiweza tena.

Na sisi madaktari tusijifanye hatujawahi kupotosha. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri watoto wenye hatari kubwa ya mzio wasipewe karanga hadi miaka mitatu, na ushauri huo ukasambaa duniani. Ukaja kufutwa mwaka 2008. Mwaka 2015 utafiti uliofanywa London kwa watoto 640 wenye hatari hiyo ulionyesha kinyume chake: walioanza kula karanga mapema, kabla ya mwaka mmoja, walipata mzio wa karanga kwa uchache mno kuliko walionyimwa. Kumnyima mtoto chakula "ili tuwe salama" si salama kila mara. (Karanga za mtoto mchanga ziwe zimesagwa laini ndani ya uji, asije akakabwa. Na kama ana ukurutu mkali au amewahi kudhurika kwa mayai, mwone daktari kwanza.)

Sasa tuingie jikoni, maana majibu yalipotoka mama aliniuliza, "Daktari, nitampikia nini?" Swali la haki. Hebu tazama meza ya familia ya kawaida ya Nairobi, Mombasa au Machakos: chapati, sambusa, bhajia, pilau, mchuzi wa bizari, chai ya maziwa. Tunasema ni chakula chetu, na ni chetu kweli, lakini kimetoka India. Kingine kilikuja kwa majahazi kupitia pwani, kingine kwa wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kujenga reli kati ya 1896 na 1901, kingine kwa wenye maduka waliofuata nyuma ya reli. Na katika mapishi hayo yote, sisi tulichukua zaidi yale ya ngano, kwa kuwa ndiyo yaliyoonekana ya sherehe.

Kumbe tuliliacha nusu la jiko la Kihindi. Bara Hindi lina maeneo makavu kama Kyuso. Kule Gujarat, Kutch na Rajasthan mvua ni haba, na wakulima tangu zamani hula mikate ya mwele na mtama. Mwele wao, wanaouita bajra, ni huu huu wetu. Tena ulitoka Afrika: ulianza kulimwa katika ukanda wa Sahel zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, ndipo ukavuka kwenda India. Mwaka 2023, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa nafaka za jamii ya mtama, ni India iliyokuwa imeomba hivyo. Sisi tunaozilima tunaziona chakula cha njaa.

Aliyemfundisha mama huyu si mimi. Ni jirani yake wa Ngara, bibi wa Kigujarati ambaye mtoto humwita Dadi. Alipoelezwa ugonjwa alicheka, akatoa mfuko wa unga wa kijivu kabatini na kusema mama yake mzazi alikula mkate wa huo maisha yake yote. Akauliza, "Bajra hii sisi tunanunua dukani kwa bei. Ninyi mnaitoa wapi?" Mama akajibu kwamba kwao kuna magunia.

Njia yenyewe ni hii. Unga wa mwele hauna gluteni, kwa hiyo ukiukanda kwa maji baridi kama wa ngano utapasuka na kukukatisha tamaa. Chemsha maji, tia chumvi, mimina kidogo kidogo kwenye unga uliochekechwa huku ukikoroga kwa mwiko, funika dakika chache, kisha ukande kwa kiganja kwa nguvu ungali moto. Usiukande mwingi, kanda wa chapati mbili tatu, pika, ndipo ukande mwingine. Ukitaka ushikane vizuri zaidi, changanya kiazi kimoja kilichochemshwa na kupondwa, au vijiko viwili vya unga wa muhogo. Kata donge la ukubwa wa limau, lipapase kati ya viganja au juu ya kipande cha nailoni safi hadi liwe duara nene kidogo. Usihangaike na kifimbo mwanzoni. Weka kwenye tawa ya moto, geuza, paka samli au mafuta. Iliwe moto. Ikipoa huwa ngumu, na hapo mtoto atakuwa na haki ya kulalamika.

Jambo moja kuhusu unga wenyewe: mwele una mafuta, na ukishasagwa huchachuka na kuwa mchungu baada ya siku chache. Saga kidogo, wa wiki moja. Wengi husema hawapendi mwele kumbe walionja unga uliolala dukani mwezi mzima.

Ya pili ni ndengu, ambazo Watanzania huziita choroko. Hapa Kitui ndengu ni mali. Mwaka 2018 serikali ya kaunti chini ya Gavana Charity Ngilu iliwagawia wakulima mbegu kwa wingi, na Kyuso ikazivuna. Lakini tunazijua kwa namna moja tu, mchuzi wa kulia chapati. Huko Andhra Pradesh, kusini mwa India, ndengu hizo hizo ndizo chapati yenyewe. Loweka kikombe kimoja usiku kucha, mwaga maji, saga pamoja na kipande cha tangawizi, bizari nyembamba, dania na chumvi, ukiongeza maji hadi uji uwe mzito kama wa chapati za maji. Mimina upawa mmoja kwenye tawa yenye mafuta kidogo, utandaze kwa mgongo wa upawa, ikikauka geuza. Haina ngano, haina maziwa, haina yai. Ina protini na madini ya chuma, na ukimkamulia mtoto limau juu yake, mwili huyafyonza madini hayo vizuri zaidi. Mimi huila asubuhi kabla ya kufungua kliniki, nami sina ugonjwa wowote.

Wimbi, mchele, mahindi, muhogo, mbaazi, kunde: vyote havina gluteni. Muthokoi ni salama. Pilau ni salama, mradi ujue kilichomo ndani ya viungo.

Hapo kwenye viungo ndipo wengi hunaswa. Mvuje, ule unga wenye harufu kali ambao Wahindi hutia kwenye dengu ili kupunguza gesi, aghalabu huuzwa ukiwa umechanganywa na unga wa ngano. Upo uliochanganywa na unga wa mchele, lakini lazima usome pakiti. Nimetaja mvuje kwa sababu utaambiwa ni dawa nzuri ya tumbo la mtoto, na kwa hakika Wajaini, kama vile jamii ya Oshwal hapa Kenya, ambao wanaoshika dini kikamilifu hawali vitunguu wala saumu, wana mapishi mazuri yanayoutegemea. Mtoto ambaye vitunguu humletea msokoto wa tumbo atafaidika na mapishi yao. Mwenye siliaki naye atafaidika pia, ila mvuje wake uwe wa mchele. Kwenye pakiti nyingine za duka la Kihindi utaona maneno "maida", "atta" au "suji". Yote matatu ni ngano.

Bhajia hutengenezwa kwa unga wa dengu, ule wa manjano, ambao hauna ngano. Lakini muuzaji wa barabarani huweza kuupunguza makali ya bei kwa kuuchanganya na unga wa ngano, na mafuta yake ndiyo yaliyokaanga mandazi na sambusa asubuhi. Kwa mtoto mwenye siliaki chembe hizo zinatosha. Shirika la viwango vya chakula la dunia, Codex, huruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni pale tu gluteni isipozidi miligramu 20 kwa kilo. Kwa hiyo bhajia mkaangie nyumbani, kwa mafuta mapya. Nunua kifimbo chake, ubao wake na chekecheo lake, kwa maana ngano huganda kwenye nyufa za mbao. Tawa ya chuma ukiisugua vizuri yatosha.

Katika hili mtu wa Kyuso ana nafuu kumshinda mtu wa Nairobi. Mashine ya posho ya hapa sokoni husaga mahindi, mtama na mwele. Ngano huja ikiwa imesagwa tayari katika pakiti. Mjini, kinu kile kile huweza kusaga ngano nzima asubuhi na wimbi lako mchana. Uliza kabla ya kumwaga nafaka yako.

Ninaogopa zaidi ule "unga wa uji wa lishe" wenye vitu kumi: ngano, soya, karanga, omena, mchicha na kadhalika. Sijui nani alitufundisha kwamba uji mzuri ni ule wenye orodha ndefu. Mtoto akidhurika huwezi kujua kilichomdhuru. Tena karanga au mahindi yaliyoingia unyevu mfukoni humo huweza kuleta sumukuvu, na sisi wa Kitui na Makueni hatuhitaji kukumbushwa hilo. Mwaka 2004 mahindi yenye kuvu yaliwafanya watu 317 wagonjwe, hasa katika wilaya hizi mbili, na 125 wakafa. Uji wa nafaka moja, iliyokauka vizuri, ukiongezwa kijiko cha mafuta au yai, humtosha mtoto.

Kwa wale ambao tatizo lao ni maziwa, mchuzi hauhitaji mtindi wala malai. Tui la nazi linafanya kazi hiyo pwani yetu na huko Kerala, na hapa bara ambako nazi ni ghali, simsim au karanga zilizosagwa huuzito mchuzi vizuri, kama mtoto hana mzio navyo. Lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja usimpe tui badala ya maziwa. Mnyonyeshe, na kama hanyonyi, ushauri wa daktari ni lazima.

Nasikia mtu akisema, mbona usituelekeze kwenye supamaketi, kuna unga maalumu usio na gluteni kutoka ng'ambo. Upo. Mara nyingi ni wanga mtupu wa viazi na mchele, kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuilipa kila wiki, na siku pesa zitakapopungua mtoto atarudishwa kwenye ngano "kidogo tu". Siliaki ni ya maisha. Chakula chake lazima kiwe kile ambacho familia inaweza kukipata hata mwezi wa tano wa ukame. Ndiyo maana nasema mwele.

Shuleni mama alikwenda mwenyewe, akazungumza na mpishi badala ya mwalimu mkuu, na naamini alifanya busara. Mpishi ndiye anayeshika upawa. Mtoto sasa hubeba chapati zake za ndengu. Wenzake walimcheka siku mbili, siku ya tatu wakaanza kumwomba.

Krismasi iliyofuata nilialikwa kwa susu. Alikuwa amesimamisha majiko mawili: moja la ngano nje chini ya mwembe, na jingine la mwele ndani, ili vumbi la unga lisivuke. Chapati za mwele zilipakwa samli zikafunikwa kwa kitambaa kama zile nyingine, na hakuna aliyetangaza ni za nani. Mvulana alikuwa na kilo 19 na nusu, na utumbo ukiwa umepata mwaka wa kupona.

Susu alinivuta kando nikiwa naondoka. Alitaka kujua kama mtoto sasa anaweza kunywa chai ya maziwa kama watu wengine, maana chai ya rangi nyumbani kwake ni aibu. Nikamwambia ajaribu nusu kikombe kwanza, angoje siku mbili aone.